Mzee anapoletwa hospitalini baada ya kujidhuru: tuwafundishe nini wahudumu wetu?

Swali limetoka kwa muuguzi msimamizi wa hospitali ya wilaya nchini Tanzania. Anaeleza kuwa idara yake ya dharura imekuwa ikipokea wazee waliojidhuru, kwamba wengi wao hutibiwa mwili na kuruhusiwa kesho yake, na kwamba Mganga Mfawidhi amemtaka aandae mafunzo kwa wahudumu akiwa na fedha za siku mbili tu. Anauliza afundishe nini, atajuaje kama mafunzo yamesaidia, na awajibu nini wenzake wanaosema kuwa mzee wa miaka 75 kukata tamaa ni jambo la kawaida.

Ndugu msimamizi, naanza na hilo la mwisho, maana mafunzo yatakayojengwa juu ya imani hiyo yatapotea bure. Mhudumu anayeamini kuwa kukata tamaa ni sehemu ya uzee hatauliza; akiuliza hatasubiri jibu; na akilipata jibu hataona la kufanya nalo. Wazee walio wengi, pamoja na magoti yanayouma na wenzi waliokwisha kuwazika, wanataka kuishi. Anayetaka kufa, au asiyejua tena kama anataka kuishi, ana jambo lililomfikisha hapo, na mara nyingi jambo hilo lina tiba au walau lina nafuu: sonona isiyotambuliwa, maumivu yasiyodhibitiwa, macho yaliyoziba kwa mtoto wa jicho, msiba wa karibuni, ugomvi wa shamba, au kuhamishwa kutoka kijijini kwake kwenda kuishi mjini kwa mwanawe, ambako hushinda peke yake mpaka jioni. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa unapaswa kuongeza tuhuma za uchawi, ambazo zimewafanya wanawake wazee waishi kwa hofu katika vijiji walivyozaliwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloponywa kwa kuandika kwenye faili kwamba mgonjwa ni mzee.

Takwimu nazo zinatuonya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na katika sehemu nyingi za dunia kiwango cha vifo hivyo huwa juu zaidi kwa watu wenye miaka 70 na kuendelea. Wazee hujidhuru mara chache kuliko vijana, lakini wanapofanya hivyo nia huwa nzito zaidi, mwili hauna akiba ya kuhimili madhara, na wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa. Kwa watu wote kwa jumla hukadiriwa kuwapo majaribio takriban 20 kwa kila kifo kimoja; kwa wazee, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni majaribio 4 tu. Utafiti wa hospitali za Oxford, Manchester na Derby nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2012, uliwafuatilia watu wenye miaka 60 na zaidi waliofika hospitalini baada ya kujidhuru, na ukaonyesha kuwa hatari yao ya kufa kwa kujiua ilikuwa mara 67 ya ile ya wazee wengine. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mafunzo yako iwe kwamba mzee akijidhuru, hata jeraha likiwa dogo, tukio hilo lichukuliwe kuwa jaribio la kujiua mpaka tathmini kamili ionyeshe vinginevyo.

Wenzako watasema hayo ni mambo ya nchi zenye wataalamu wengi. Waambie kuwa huko huko Uingereza, utafiti mwingine wa mwaka 2018 uliopitia kumbukumbu za zahanati za madaktari wa familia ulikuta kuwa ni takriban wazee 12 tu kati ya kila 100 waliojidhuru ambao walipewa rufaa kwenda kwenye huduma za afya ya akili ndani ya mwaka mmoja. Wataalamu walikuwapo, simu zilikuwapo, barabara zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kwanza kuona kuwa jambo hili linahitaji rufaa, na mtu huyo wa kwanza, katika hospitali yako, ni muuguzi au tabibu utakayemwita kwenye mafunzo.

Sasa niingie katika mafunzo yenyewe. Ukiwa na siku mbili, usizitumie kwa mihadhara kuhusu aina za magonjwa ya akili. Sehemu kubwa ya muda itumike kufanya mazoezi ya jambo moja ambalo wahudumu wetu hulikwepa kuliko yote, yaani kukaa karibu na mzee na kumuuliza waziwazi kama alitaka kufa na kama bado anataka.

Ugumu wa swali hilo kwetu hautokani na woga wa kitaaluma peke yake. Muuguzi wa miaka 26 amelelewa kutomtazama mzee usoni kwa ukali, kutomkatiza, na kutoingilia siri za watu wa umri wa babu yake, na ghafla tunamtaka aulize habari za kutaka kufa. Wengi huliepuka kwa kuligeuza lawama, wakasema, 'Mzee, kwa nini umefanya hivi, na wajukuu wote hawa?' Wengine hulivika swali jibu lake: 'Hukukusudia, sivyo?' Mzee naye, aliyeona aibu tangu alipoingia mlangoni, hujibu kwamba hakukusudia, na mazungumzo yanaishia hapo. Mafunzo yasiiondoe adabu hiyo, bali yaitumie. Muuguzi avute kiti akae, asisimame juu ya kichwa cha mgonjwa. Aamkie shikamoo, asubiri kuitikiwa, ajitambulishe kwa jina, kisha aombe ruhusa: 'Bibi, naomba idhini yako nikuulize mambo mazito kidogo. Nakuuliza kwa sababu nataka tukusaidie, wala sikuhukumu.' Nimeona mara nyingi kwamba mzee akishaombwa ruhusa, hujibu kwa uwazi ambao vijana hawauwezi.

Kisha maswali yapangwe kwa hatua, kutoka mepesi kwenda mazito. Siku hizi unalalaje? Chakula kinapita? Ni lini mara ya mwisho ulifurahia jambo? Kuna wakati unaona heri usingeamka? Baadaye ndipo lije swali lenyewe, bila kuzungushwa: 'Watu wengine wakipitia magumu kama haya hufika mahali wakawaza kujiua. Wewe umefikia hapo?' Na baada ya hilo: 'Jana ulipofanya vile, ulitaka iweje?' na 'Sasa hivi, baada ya kuwa bado upo, unajisikiaje?' Jibu la swali hili la mwisho lina uzito mkubwa kuliko wahudumu wengi wanavyodhani, kwa kuwa mzee anayesikitika kwamba amepona hapaswi kuachwa peke yake hata kwa muda wa kwenda kuchukua dawa dirishani. Washiriki wataogopa kuwa kuuliza kutampandikizia mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Ushahidi uliopo hauungi mkono hofu hiyo. Wagonjwa wengi hupata nafuu wanapoulizwa, kwani ndipo wanapoanza kuubeba mzigo huo pamoja na mtu mwingine.

Wafundishe pia kusikia yale yanayosemwa pembeni. Wazee wetu husema 'nimekuwa mzigo kwa watoto', 'Mungu amenisahau', 'nimeishi vya kutosha', au huanza kugawa vitu vyao na kutoa maagizo ya mazishi. Mengi ya hayo ni mazungumzo ya kawaida ya mtu mcha Mungu anayejiandaa kwa safari yake, na si vyema kumfanya kila mzee anayetaja kifo kuwa mgonjwa. Lakini mhudumu hawezi kutofautisha kwa kukisia. Atatofautisha kwa kuuliza swali moja zaidi: 'Unaposema umechoka, unamaanisha umechoka na maumivu, au umechoka kuishi?' Vivyo hivyo kwa mzee anayekataa chakula, au anayeacha dawa zake za kisukari kimya kimya akijua matokeo yake. Huenda dawa zimemchafua tumbo, huenda nauli ya kliniki imekosekana, huenda ameamua kufa kwa njia ambayo hakuna atakayeiita kujiua. Jambo hili halionekani katika idara ya dharura. Linaonekana kliniki ya kisukari na shinikizo la damu, na ndiyo maana nakusihi uwaite wahudumu wa kliniki hiyo kwenye mafunzo, hata kama hukuwa umewafikiria.

Mazungumzo hayo yafanyike mgonjwa akiwa peke yake na mhudumu. Familia zetu huja kwa wingi na kwa mapenzi, na mwana mkubwa hujibu kila swali kwa niaba ya baba. Mhudumu ajizoeze maneno ya kuwaondoa kwa heshima: 'Naomba nimpime mzee kidogo, nitawaita baada ya muda mfupi.' Faragha hii si ya kumlinda mzee na aibu tu. Baadhi ya wazee wanaojidhuru wananyimwa chakula, wanapigwa, au wananyang'anywa fedha na mtu yuleyule aliyewaleta hospitalini, na hawatalisema hilo mbele yake. Baada ya hapo familia isikilizwe nayo, tena kwa makini, kwa kuwa mke au binti ndiye anayejua kwamba mzee aliacha kwenda msikitini miezi mitatu iliyopita au kwamba amekuwa akikesha ukumbini.

Upande wa tathmini ya mwili na akili, sitasema mengi, kwa kuwa matabibu wako wanajua. Jambo la kusisitiza ni mpangilio. Kwanza mwili utulie. Mzee anayeongea ovyo usiku, asiyejua yuko wapi, anaweza kuwa na kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakotokana na maambukizi, upungufu wa maji au dawa alizomeza, na tathmini ya nia yake irudiwe akili ikishatulia. Ahakikishwe anasikia na anaona, kwani wapo wazee walioandikwa kuwa hawashirikiani ambao kumbe hawakusikia swali. Maumivu yapimwe, kumbukumbu ipimwe, pombe iulizwe, na dawa zote anazotumia zitolewe kwenye mfuko ziangaliwe moja moja. Sonona ya uzeeni mara nyingi huja ikiwa imevaa malalamiko ya mwili, kama moyo kwenda mbio, tumbo kujaa, mwili kuwaka moto au kukosa usingizi, hata mzee akapimwa malaria na taifodi mara kadhaa kabla ya yeyote kumuuliza habari za huzuni.

Kuna ombi utakalolipata kutoka kwa washiriki, nalo ni fomu ya alama itakayowaambia nani ana hatari kubwa na nani hana. Nakushauri ulikatae kwa upole. Mwongozo wa Uingereza kuhusu kujidhuru, uliotolewa mwaka 2022 na NICE, taasisi inayoandaa miongozo ya tiba nchini humo, unaelekeza wazi kuwa fomu za aina hiyo zisitumike kutabiri nani atajiua wala kuamua nani apate huduma, kwa sababu hazitabiri vizuri na huwapa wahudumu utulivu wa uongo. Mwongozo huohuo unataka mzee aliyejidhuru atathminiwe na mtu mwenye uzoefu wa wazee, akiangalia sonona, kumbukumbu, magonjwa ya mwili, hali ya nyumbani, na kama mzee huyo mwenyewe ndiye mlezi wa mtu mwingine. Hili la mwisho lisisahaulike kwetu, ambako bibi wengi wanalea wajukuu na babu wengine wanauguza wake zao. Hojaji fupi kama PHQ-9, ambayo ipo kwa Kiswahili, ni ya manufaa kwa kufuatilia sonona, mradi isichukue nafasi ya mazungumzo. Kwa muundo wa jumla unaweza kutegemea mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, toleo la mwaka 2016, wenye sehemu maalumu ya kujidhuru na kujiua iliyoandikwa kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa wa magonjwa ya akili.

Suala la sheria usilipite. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na wahudumu wengi hushindwa kujua kama wao ni watabibu au ni mashahidi. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu kama hicho, cha 226, kinakiuka Katiba, na mimi ni miongoni mwa wanaotamani kwetu nako jambo hilo litazamwe upya, kwa kuwa hofu ya polisi huwafanya ndugu wamfiche mzee nyumbani au waseme alianguka. Lakini kabla sheria haijabadilika, kuna mengi yaliyo mikononi mwa hospitali. Mganga Mfawidhi akutane na Mkuu wa Polisi wa Wilaya, wakubaliane kwa maandishi kuwa matibabu yanaanza bila kusubiri PF3, yaani fomu ya polisi ya majeruhi, na kwamba mahojiano ya polisi hayafanyiki kitandani kabla ya daktari kuridhia. Washiriki waambiwe makubaliano hayo siku ya kwanza asubuhi, ili wafanye mazoezi wakiwa na amani.

Kumruhusu mgonjwa ndiko kunakoharibu kazi nzuri iliyotangulia. Mzee asitoke bila mpango wa usalama alioutunga pamoja na mhudumu, na uandikwe kwa maneno yake mwenyewe: dalili zinazomwonyesha kuwa hali inarudi, mambo yanayomtuliza, mtu wa kumwita usiku, na mahali pa kwenda. Familia ielekezwe kuondoa au kufungia viuatilifu vya shambani na dawa zilizobaki, mfamasia atoe dawa za siku chache badala ya mwezi mzima, na mtu mmoja nyumbani akubali kuzitunza. Kisha mgonjwa afuatiliwe. Mwongozo wa NICE unataka ufuatiliaji ndani ya saa 48 pale ambapo wasiwasi bado upo, na saa 48 zinawezekana hata wilayani, kwa simu au kupitia mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Kuhusu simu, kuna somo kutoka mkoa wa Veneto nchini Italia, ambako huduma ya kuwapigia wazee mara mbili kwa wiki ilifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 10 na vifo vya kujiua vikaonekana kuwa vichache kuliko ilivyotarajiwa. Nafuu hiyo ilionekana zaidi kwa wanawake, na kwangu hilo ndilo la kufikiria sana, kwa kuwa wanaume wazee ndio wanaokufa zaidi. Mzee wa kiume hatakueleza moyo wake kwa simu. Afuatwe nyumbani kwa sababu anayoweza kuikubali mbele ya majirani, kama vile kupimwa shinikizo la damu, na mazungumzo yaje baada ya kipimo. Pengine pia atazungumza na mtu wa rika lake kuliko na kijana. Zimbabwe, mpango wa Friendship Bench ulioanzishwa na Dixon Chibanda mwaka 2006 uliwafundisha bibi wa mitaani kusikiliza na kusaidia kutatua matatizo, matokeo yake yakathibitishwa kwa jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2016, na mpango huo umefika hata Zanzibar.

Namna ya kuendesha siku mbili hizo ni muhimu kama yaliyomo. Usizifanye mfululizo. Gawa fedha zako katika vipindi vinne vya nusu siku, ukiacha wiki mbili au tatu kati ya kimoja na kingine, ili washiriki wakajaribu kazini na warudi na maswali. Makundi yawe ya watu watatu watatu: mmoja mgonjwa, mmoja mhudumu, mmoja mtazamaji anayeandika maneno halisi yaliyotumika, kisha wabadilishane. Ukiweza, waombe wazee wawili au watatu wenye afya njema kutoka baraza la wazee waje kuigiza wagonjwa, baada ya kuwaeleza vizuri na kuhakikisha kuwa jambo lenyewe haliwagusi kwa uchungu. Muuguzi aliyesema 'Je, unawaza kujiua?' mbele ya bibi halisi wa miaka 70, na kusikia sauti yake mwenyewe ikilitamka, atalisema tena usiku wa zamu. Msiwaache nje watunza kumbukumbu, walinzi na wahudumu wa usafi. Mzee aliyeamua kufa anaweza kumwambia anayepiga deki kile ambacho hakumwambia daktari, na mtu huyo ajue amwambie nani.

Usitegemee mafunzo ya mara moja. Katika kisiwa cha Gotland nchini Sweden, madaktari wa familia walifundishwa kutambua na kutibu sonona mwaka 1983 na 1984; vifo vya kujiua vikapungua, kisha baada ya miaka michache vikapanda tena, wakati ambapo madaktari wengi waliofundishwa walikuwa wamehama au kustaafu. Kwa uhamisho wa watumishi tulio nao, ningeweka kipindi cha marudio kila baada ya miezi sita na kumfundisha kila mtumishi mpya ndani ya mwezi wake wa kwanza.

Ili ujue kama yamesaidia, usiwape mtihani wa kabla na baada, au uwape kwa ajili ya ripoti tu. Chukua mafaili ya wazee wote waliojidhuru katika miezi sita kabla ya mafunzo na miezi sita baada yake, uangalie mambo machache: je, imeandikwa kuwa aliulizwa nia yake, kwa maneno gani, akiwa peke yake? Je, kuna mpango wa usalama? Je, nani alimfuatilia, na lini? Je, taarifa ilipita wakati wa kukabidhiana zamu? Usishtuke ikiwa idadi ya wazee wanaoandikwa kuwa wamejidhuru itaongezeka. Kwa mwaka wa kwanza hiyo ni dalili kuwa wameanza kuonekana. Na waeleze wakubwa wako hilo mapema, kwa maandishi, kabla hawajauliza.

Miongoni mwa washiriki watakuwapo waliompoteza mzazi au babu kwa njia hii, na hutawajua kwa kuwatazama. Watangazie mwanzoni kuwa anayehitaji kutoka nje atoke bila kutoa sababu, na mteue mtu mmoja, afisa ustawi wa jamii au mwenzako unayemwamini, wa kumfuata na kuketi naye. Itatokea pia mzee mliyemhudumia vizuri atakufa. Zamu iliyomhudumia ikutanishwe ndani ya siku chache, faili lisomwe pamoja bila kumtafuta wa kulaumiwa, na mtu mmoja kati yenu aende msibani kwa niaba ya hospitali, kwa kuwa wajane na watoto wa marehemu nao sasa wako katika hatari na watahitaji kujua mlango wa kuja kuubisha.